Kasha la Mwaka wa Sabini na Nne

Majengo, Meru
9 Novemba 1997

Mwanangu Gacheri,

Mvua hii si ya kawaida. Watu wa redio wameipa jina la kigeni. Mimi naiita tu mvua isiyojua kuaga. Juzi nilifungua chumba cha nyuma cha studio nikakuta ukuta umelowa hadi usawa wa kiuno. Makasha ya negativu yaliyokuwa chini nimeyatoa nje, lakini jua la kuyaanika liko wapi? Negativu nyingine zimeshikana. Nilijaribu kuachanisha mbili. Sura za watu zikabaki kwenye filamu moja na mabega yao kwenye nyingine.

Miaka ishirini na tisa nimepiga picha katika mji huu, na yote imo humo. Unajua zamani watu walikuja kwangu kupigwa picha. Siku hizi wanakuja kuuliza kama nina picha ya marehemu. Wiki hii wamekuja wanne. Vijana wanazikwa, na wengi hawakuacha picha yoyote isipokuwa ile ya kitambulisho waliyopigwa hapa. Nikiwaambia kasha la mwaka huo limeoza, nitawaangalia vipi?

Ulipokuja Pasaka ulisema ofisini kwenu kuna mashine inayoingiza picha ndani ya kompyuta. Je, inaweza kuingiza negativu? Nijibu mapema, na uandike kwa herufi kubwa na wino mweusi. Taa ya chumba changu imekuwa mbaya.

Baba yako,
Bundi


Majimbo, Embu
20 Novemba 1997

Baba mpendwa,

Ndiyo, inaweza. Skana yetu ina kifuniko chenye taa ndani. Unalaza negativu, taa inapita juu yake polepole, na kwenye kioo cha kompyuta anatokea mtu mwenye uso mweupe na nywele nyeupe. Nabonyeza kidogo tu, anageuka kuwa binadamu. Nimejaribu na zile tatu ulizonipa siku ya kipaimara changu. Niliona hata vifungo vya gauni.

Bwana Ireri, mkubwa wetu hapa kwenye mradi wa maji, ameniruhusu kuitumia Jumamosi na Jumapili. Kwa hiyo tuma makasha, Baba, lakini yale makavu kwanza. Zilizoshikana usiziguse tena.

Usiwe na wasiwasi. Picha ikishaingia humo haizeeki. Haishikwi na ukungu, haifubai, haichaniki. Mtu akija baada ya miaka hamsini ataikuta kama ulivyoipiga.

Nimeandika kwa herufi kubwa kama ulivyotaka. Nunua balbu mpya.

Wako,
Gacheri


Majengo, Meru
17 Januari 1998

Mwanangu Gacheri,

Barabara ilikuwa imekatika, ndiyo sababu nimekawia. Anayekuletea mzigo huu ni jirani yangu Mutembei, mwenye bucha karibu na msikiti, anakwenda kuwaona wakwe zake huko Embu. Mpe chai. Ameyabeba makasha sita magotini njia nzima kama mayai.

Ni ya mwaka wa sitini na nane hadi sabini na tisa. Kila negativu ina namba: mwaka kwanza, halafu picha ya ngapi. Usizichanganye. Mimi nazikumbuka kwa namba kuliko kwa majina. Mtu akinisalimia njiani nasikia sauti, nasema moyoni, huyu ni sabini na moja, mia na tatu, aliyevaa koti la kuazima.

Mistari ya barua hii imepinda, naona. Kalamu ni mbovu.

Baba yako,
Bundi


Majimbo, Embu
1 Machi 1998

Baba mpendwa,

Nimemaliza. Picha elfu moja na mia moja hivi. Jumamosi nzima na Jumapili baada ya kanisa, wiki sita mfululizo, mpaka macho yakawa yanaona watu weupe kwenye ukuta. Sikujua ulikuwa mpiga picha mzuri hivi. Nilikujua tu kama baba aliyenuka dawa za kusafishia picha.

Nimemwona Mama akiwa msichana, kabla hajakuwa mama wa mtu. Namba 70/88. Amekasirika. Ulimfanyia nini?

Habari nyingine si nzuri. Mradi unafungwa mwisho wa mwezi na kompyuta zote zinarudishwa Nairobi. Lakini nimezihamisha picha zako zote kwenye diski sita, kila moja inaingia kiganjani, nimeziweka ndani ya kopo la biskuti kabatini kwangu. Makasha nimeyarudisha kwa basi, niambie yakifika. Sasa hata studio ikianguka, Baba, zimo.

Natafuta kazi kwenye ofisi za kuchapia barua hapa mjini. Usinihurumie.

Wako,
Gacheri


Kibirichia
16 Machi 1998

Kwako Gacheri, binti ya Mzee Bundi,

Hunijui. Mimi ni Phyllis, watu huniita Mama Linda. Mzee Bundi ndiye amenipa anwani yako, amesema picha zake zote sasa ziko kwako na wewe ni mtu wa kuaminika.

Mume wangu Gikunda alifariki tarehe nane Januari. Tumelima viazi katika shamba hili miaka ishirini na minne. Hata arobaini haikupita, shemeji yangu Koome akaja na watu wa ukoo, akasema mimi si mke wa nduguye. Anasema nilikuja tu kuishi hapa, mahari haikutolewa, kwa hivyo nirudi nilikotoka na shamba lirudi kwa ukoo. Hatukufunga ndoa kanisani, sina cheti. Wazee waliobeba asali ya mahari siku ile wote wamekufa. Amebaki mmoja tu, mama mdogo wa mume wangu, Mama Regina, naye ni mgonjwa wa kitandani.

Lakini siku ile ya mahari, Agosti 1974, Mzee Bundi alipanda na baiskeli yake kutoka mjini akatupiga picha. Nakala yetu iliungua pamoja na jiko mwaka wa themanini na tano. Mzee anasema namba yake ni 74/212.

Kesi itasikizwa na baraza la mashamba tarehe ishirini na moja Julai. Tafadhali nitolee picha hiyo. Sina kitu kingine.

Ni mimi,
Phyllis Gikunda


Majimbo, Embu
25 Machi 1998

Mama Linda,

Pole sana kwa msiba, na pole kwa hayo yaliyofuata.

Picha yako ninayo. Naikumbuka hata bila kuitazama, kwa sababu siku nilipoiingiza nilikaa nayo muda mrefu. Wewe umesimama katikati, umefunga kitambaa chenye madoa, umeangalia chini. Gikunda ni yule mrefu mwenye kofia mkononi. Mtungi wa asali uko mbele ya miguu ya wazee, na kifurushi cha miraa kimefungwa kwa majani ya mgomba. Na kando kabisa, upande wa kulia, kuna kijana ameshika kamba ya kondoo dume, anacheka mpaka pengo linaonekana. Baba aliniambia jina lake. Ni Koome.

Baraza wakiiona hiyo, sidhani kama kuna la kuuliza tena.

Nikipata ofisi yenye printa nzuri nitaitoa nakala mbili. Usihangaike. Iko salama.

Wako,
Gacheri


Kibirichia
22 Aprili 1998

Gacheri mwanangu,

Sasa nakuita mwanangu, kwa sababu barua yako niliisoma kanisani mbele ya akina mama wa maombi, tukalia. Pengo la Koome! Nilikuwa nimelisahau.

Bado sijapata picha. Labda posta imechelewesha.

Nina swali. Mchungaji anasema nimpeleke Mama Regina kwa chifu atie kidole kwenye karatasi, aseme yeye alikuwako siku ya mahari. Lakini hatembei. Itabidi abebwe kwenye kiti hadi barabarani, na baridi ya huku unaijua, na kifua chake ni kibaya. Nikimwambia anasema twende. Mimi ndiye ninayeogopa. Wewe uliyesoma unaonaje? Picha itatosha, au nimpeleke?

Mungu akubariki,
Mama Linda


Majimbo, Embu
27 Aprili 1998

Baba mpendwa,

Hujambo? Nimepata kibarua kwenye ofisi ya kuchapia karibu na stendi. Si kibaya.

Baba, lile kasha la mwaka wa sabini na nne, nirudishie tena kwa muda mfupi. Nataka kuisafisha picha ya Mama Linda vizuri zaidi, ilikuwa na vumbi kidogo. Mpe Mutembei, au dereva wa basi yeyote unayemjua. Si jambo kubwa, ila ikiwezekana wiki hii.

Wako,
Gacheri


Majengo, Meru
6 Mei 1998

Mwanangu Gacheri,

Nimesomewa barua yako, maana miwani yangu imevunjika. Na hii naandika kwa kubahatisha.

Vumbi kidogo halizuii mtu kutambulika. Baraza si mashindano ya urembo. Toa tu picha ilivyo. Makasha nimeyahamishia mahali pakavu, huko kwa rafiki, na kuyafungua sasa ni kazi kubwa. Yako salama. Wewe mwenyewe uliniambia zikishaingia humo hazizeeki.

Usinihangaikie. Nakula vizuri.

Baba yako,
Bundi


Majimbo, Embu
11 Mei 1998

Mama Linda,

Nisamehe kwa kukawia. Printa za hapa hazina wino mzuri, nataka ikutokee picha ya kuheshimika.

Kuhusu Mama Regina, usimsumbue. Mtu wa umri huo kubebwa kwenye kiti katika baridi hiyo, kwa karatasi ya kidole? Mwache alale. Picha ninayo, na negativu yenyewe Baba ameiweka mahali pakavu. Ziko sehemu mbili. Hata moja ikipata shida, nyingine ipo.

Nitakuletea mimi mwenyewe kabla ya Julai.

Wako,
Gacheri


Majimbo, Embu
15 Juni 1998

Baba,

Barua hii nimeianza mara tano. Nakuomba umpe Mutembei akusomee peke yenu.

Picha hazipo. Tangu Aprili hazipo.

Nilikwenda kwenye ofisi moja yenye kifaa cha kusoma zile diski, nikatia ya kwanza. Kikaanza kugonga, kama mtu anayegonga bati kwa ukucha. Haikufunguka. Nikafikiri ni diski yenyewe, nikatia ya pili. Ikagonga. Nikatia ya tatu. Baba, kifaa ndicho kilichokuwa kibovu, na kila diski niliyoitia kilikuwa kinaikwaruza. Mtu mwenye kujua alinieleza baadaye. Nilizimaliza zote sita kwa mkono wangu, katika muda usiozidi dakika kumi, kwa sababu nilitaka kujua kama ile inayofuata ni nzima.

Sikuwa na nakala nyingine. Nilipaswa kuweka mbili. Kila mtu mwenye akili huweka mbili, nami nilijua, lakini diski zilikuwa haba na mradi ulikuwa unafungwa, nikasema nitafanya baadaye. Kompyuta ya ofisini ilikuwa imeshafutwa na kupelekwa Nairobi. Nimempigia Bwana Ireri simu. Amesema imeshapewa watu wengine, haina hata alama yetu.

Nilipokuomba kasha la sabini na nne haikuwa vumbi. Nilitaka kuanza upya kimyakimya, usijue. Niliwaza vile unavyojivunia mbele ya watu wa Majengo, nikashindwa kukuambia. Mama Linda nimemwambia iko salama, mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nasema kweli.

Lakini negativu unazo. Ndilo jambo ninaloshika. Jumamosi nakuja mwenyewe kuchukua kasha. Niambie liko kwa rafiki gani.

Gacheri


Majengo, Meru
18 Juni 1998

Gacheri,

Mwandiko huu ni wa Mutembei lakini maneno ni ya baba yako. Ameniambia nisibadilishe hata moja.

Mwanangu, usije Jumamosi kwa ajili ya kasha. Hakuna kasha.

Mwezi wa tatu, makasha yaliporudi, mwenye nyumba alitaka chumba cha nyuma ajenge ukuta upya. Kulikuwa na mtu kutoka Nairobi anayezunguka hospitalini kununua filamu za eksirei. Anazichoma apate fedha iliyomo ndani. Si pesa, ni ile fedha ya kutengenezea pete. Akaniuliza kama nina filamu kuukuu. Nikafikiri, hizi zimeshaingia kwa Gacheri, hazizeeki, za nini kuoza hapa? Nikampa zote. Za sitini na nane hadi sabini na tisa, na zile za baadaye zilizobaki hapa zikiwa zimeshikana kwa maji. Alichonipa nilikwenda nacho hospitali ya macho.

Ndiyo, macho. Si taa wala kalamu wala miwani. Ni presha ya macho, ilianza mwaka juzi kwa pembeni, kama mlango unaofungwa taratibu. Daktari aliniambia nimechelewa na kilichokwenda hakirudi. Jicho la kushoto halina kitu. La kulia linajua tu mchana na usiku.

Sikukuambia kwa sababu ungeacha kazi uje kunipikia. Ulipoomba kasha niliogopa utajua nimeliuza, utauliza kwa nini, na nitalazimika kusema macho. Kwa hiyo nikasema liko salama. Tumeambiana neno moja, mimi na wewe, na wote wawili tulikuwa na mikono mitupu.

Mwandikie Mama Linda leo. Usingoje kesho.

Baba yako

(Haya sasa ni maneno yangu mimi Mutembei. Hajala tangu jana. Amekaa kwenye kile kiti cha wateja, mbele ya lile pazia la studio lililochorwa mlima. Njoo hata kama hakuna kasha.)


Kibirichia
2 Agosti 1998

Kwako Gacheri,

Barua yako ya tarehe ishirini na mbili Juni ilinifikia siku tuliyomzika Mama Regina. Mchungaji ndiye aliyenipa, kando ya kaburi, akidhani ni rambirambi. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaikunja, nikaendelea kuimba.

Nitakuambia yaliyotokea barazani, kwa sababu baba yako hawezi kukuambia yote. Mengine hakuyaona.

Alikuja. Sikumwita. Mutembei alimleta akiwa amemshika mkono, amevaa koti na tai, akaomba asikizwe kama shahidi. Mwenyekiti wa baraza akamwuliza, "Mzee, wewe unaona?"

"Sioni."

"Sasa picha utatuonyesha vipi?"

"Sikuja kuwaonyesha. Nimekuja kuwaambia nilichokiona nilipokuwa na macho."

Akaanza. Alisema kila mtu alisimama wapi. Alimtaja marehemu baba mkwe na fimbo yake, alitaja mtungi na jinsi nyuki wawili walivyoufuata, alisema mimi nilikataa kuinua uso na yeye akaniambia, "Binti, ukiangalia chini, wajukuu wako wataona kitambaa tu." Ni kweli aliniambia hivyo. Hakuna mwingine aliyejua ila mimi na yeye.  Wazee wawili wa baraza wakaanza kutikisa kichwa kwa kukubali. Akasema, "Na kondoo alishikwa na Koome, huyu anayesema leo hakuna mahari."

Hapo ndipo mtu mmoja wa upande wa Koome alisimama. Akasema, "Mzee, unamjua Koome vizuri?"

"Namjua tangu akiwa kijana."

"Basi tuonyeshe yuko wapi humu ndani."

Mtu akakohoa upande wa dirisha. Baba yako akageuka, akanyoosha kidole. Alimnyooshea karani wa baraza.

Watu walicheka, Gacheri. Si wote, lakini walicheka. Koome hakucheka. Alisema tu polepole, "Mnaona wenyewe." Na baba yako hakujua kwamba amekosea. Alibaki na kidole chake kimenyooka mpaka Mutembei alipoushusha mkono wake.

Baraza lilisema limesikia, lakini shamba haligawiwi kwa hadithi ya picha ambayo hakuna aliyeiona. Shamba limekwenda kwa Koome. Nimeruhusiwa kuvuna viazi vilivyomo ardhini, halafu niondoke mwisho wa Septemba. Wananiambia naweza kukata rufaa. Nimechoka.

Nitakwenda kwa binti yangu Linda. Ameolewa kule Mbeere, kwenye joto. Nitajifunza kulima ndengu nikiwa na miaka arobaini na sita.

Sasa nikuambie jambo lililo moyoni mwangu, halafu nisirudie tena. Sikulaumu kwa diski. Chombo huharibika. Jiko langu liliungua pia na picha ikiwa ndani. Lakini mimi nilikuuliza nimpeleke Mama Regina au nisimpeleke. Yeye alikuwa anasema twende. Alikuwa na kidole, alikuwa na akili yake, na chifu alikuwa tayari. Wewe siku hiyo ulikuwa unajua huna kitu, na uliniambia nimwache alale. Nilimwacha. Alilala.

Ninakuomba kitu kimoja. Kaburi la Gikunda liko kwenye ua wa mikei, ile miti ya miba, upande wa juu wa shamba. Nikitoka sitaruhusiwa kuingia tena, na Koome ameshasema atapanda viazi mpaka kwenye ua. Njoo unipige picha pale nikiwa nimesimama. Njoo na kamera ya baba yako. Usiiweke kwenye mashine yoyote. Nataka karatasi.

Phyllis


Majengo, Meru
4 Oktoba 1998

Mama Linda,

Natumaini ulifika Mbeere salama na Linda amekupokea. Bahasha hii naituma kwa anwani uliyomwachia mchungaji.

Siku ile nilipokuja ulinipa kiti na chai, na hukukaa nami. Nilielewa. Nilikuwa nimebeba maneno mengi ya kukuambia, na ulipopita mbele yangu kwenda juu shambani, mikono nyuma, nikaona hayana kazi. Kwa hiyo nayaandika machache tu.

Mimi sikudanganya kwa sababu ya kukuhurumia, wala kumhurumia Mama Regina. Nilisema aachwe alale kwa sababu kama angekwenda kwa chifu, ingekuwa ni kukiri kwamba picha haitoshi, na ungeniuliza kwa nini. Nililinda jina langu kwa gharama ya siku zake za mwisho. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu.

Picha ni tatu. Katika ya kwanza umefumba macho, nimeitoa hata hivyo. Ya pili ndiyo nzuri: umeweka mkono juu ya msalaba, viazi vya mwisho viko kwenye magunia nyuma yako, na mlima umejitokeza kidogo. Ya tatu ni kaburi peke yake, na maandishi yanasomeka. Koome hayumo katika hata moja. Labda uliona alivyosimama nyuma yangu muda wote. Kila nilipohama, naye alihama.

Nimerudi kuishi na Baba. Picha hizi tumezisafisha sisi wawili kwenye chumba cha giza, maana ndani humo, kwa taa ndogo nyekundu tu, yeye na mimi hatuzidiani sana. Ananihesabia sekunde kwa mdomo na kuikoroga dawa kwa mkono wake. Karatasi ya pili ilipokuwa majini akaniuliza, "Amesimama vipi?"

Nikamwambia.

"Ameinua uso?"

Nikasema ndiyo, umeinua. Akaendelea kukoroga dawa. Tangu barazani hazungumzi sana. Mutembei ndiye aliyemwambia, mwezi uliopita, kwamba kidole chake kilimwangukia karani. Alikuwa anadhani mmeshindwa kwa sababu yangu peke yangu. Sasa ana lake la kubeba, na sijui kama Mutembei alifanya vyema.

Watu bado wanakuja kuuliza picha za wafu wao. Nasimama mlangoni nawaambia hazipo, na nawaambia sababu. Wengine wananitukana. Mzee mmoja aliketi kwenye ngazi hadi saa sita, halafu akaniomba maji, akaenda zake.

Filamu iliyotoa picha zako nimeikata, zile fremu tatu, na kuzitia kwenye bahasha ndogo ya kaki iliyo humu ndani. Sijaweka nakala. Ukipata mahali pakavu kwa Linda, mbali na moto na mchwa, ziweke wewe mwenyewe. Usimpe mtu akutunzie, hata akikuambia ziko salama.

Gacheri